Usiguse fimbo kongwe ya mwanzi kwa msasa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye fimbo kongwe za kuvulia, zile za mwanzi uliopasuliwa na kugundishwa. Nyingi huharibika siku mwenyewe anapoamua kuzing'arisha, akaanza na msasa.

Fimbo hiyo ni vibanzi sita vilivyochongwa pembetatu, vikagundishwa hadi ikawa na pande sita. Nguvu ya mwanzi iko chini tu ya ganda, ambako nyuzi zake zimebanana. Ukiingia ndani unakuta nyama laini. Ndiyo maana watengenezaji walipenda mwanzi wa Tonkin, kutoka kusini mwa China: tabaka lake la nyuzi ni nene. Sasa tazama ncha yenye unene wa milimita 2. Msasa ukila robo milimita kila upande, imebaki milimita moja na nusu, na ugumu wake umeshuka chini ya theluthi ya ule wa mwanzo. Hakuna vanishi itakayorudisha nyuzi hizo.

Vanishi kuukuu ikwanguliwe kwa ukingo wa kisu butu, kwa kufuata urefu wa mwanzi, bila haraka. Kuiloweka fimbo katika dawa ya kuondolea rangi ni hatari. Fimbo nyingi za zamani ziliunganishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hulegea kwa maji na kwa joto. Kwa hiyo hata kunyoosha palipopinda kwa moto kunataka tahadhari kubwa.

Kabla ya yote hayo, kamata kila kipande, ukipinde na kukisokota kidogo huku umetega sikio. Ukisikia kinatatarika, mshono umeachia. Ufungue kidogo kwa wembe, penyeza gundi, kisha zungushia uzi wa pamba kwa mkazo, kwenda na kurudi ili mizunguko ipishane. Ukizungusha upande mmoja tu, gundi itakauka fimbo ikiwa imejisokota.

Pete za kupitishia mshipi zipimwe umbali wake kutoka nchani na kuandikwa kabla ya kukata hata uzi mmoja unaozishika. Uzi mpya uwe wa hariri. Vanishi ikiingia kwenye hariri tupu, rangi yake hufifia hadi mwanzi ukaonekana chini yake, hivyo anayetaka rangi ibaki atangulize dawa ya kuihifadhi.

Maungio ya madini, dume na jike, yanayounganisha vipande vya fimbo, nayo yanateswa bure. Yakikwama, watu huyapaka mafuta au kuyasugua, kumbe ni uchafu tu: pamba na spiriti vinatosha. Ukiyasugua mara moja yanalegea, na kiungio kilicholegea hugongagonga kila unaporusha hadi mwanzi ukavunjika mlangoni mwake. Wakati wa kutenganisha, vuta moja kwa moja bila kusokota, kwani kusokota hupasua mishono.

Vanishi iwe ya kustahimili maji, nyembamba, mikono miwili au mitatu, kila mmoja ukauke siku nzima au zaidi. Ukucha ukiacha alama, bado. Baadaye fimbo ikilowa, ifutwe na kukaushwa kabla ya kurudi kwenye bomba lake la kuhifadhia, maana unyevu uliofungiwa huleta ukungu na kubabua vanishi. Isiegemezwe ukutani kwa miezi, itapinda. Itundikwe wima ndani ya mfuko wake wa kitambaa.