Wahitimu wasijibadilishie alama wanapoomba vyuo vya nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo nimeliona likiwakwamisha vijana wetu kwa miaka yote niliyofundisha chuo kikuu, nalo ni namna wanavyoandika wasifu wa kitaaluma na namna wanavyobadilisha alama zao wanapoomba kusoma shahada ya uzamili nje ya nchi. Nimewaandikia wengi wao barua za mapendekezo, na hata sasa nikiwa nimestaafu bado wananitafuta. Kinachoniuma ni kuona kijana aliyefaulu vizuri akikosa nafasi kwa sababu ya karatasi iliyoandikwa vibaya, tena mara nyingi ikiwa imeandikwa na mtu mwingine ambaye hakuwahi kuiona programu anayoiomba.

Miaka michache iliyopita, binti mmoja niliyemsimamia katika utafiti wake wa mwaka wa tatu alihitimu kwa GPA (wastani wa pointi za alama zake) ya 3.8 kati ya 5, yaani daraja la pili la juu. Alipoona tangazo la ufadhili alikwenda kwenye steshenari iliyo jirani na lango la chuo, mahali ambapo wanachapa kazi za wanafunzi na siku hizi wanaandaa pia wasifu na kubadilisha GPA kwa malipo. Aliyemhudumia alichukua 3.8 akaigawa kwa 5, akazidisha kwa 4, akapata 3.04, na akaiandika kwenye wasifu kana kwamba ndiyo alama aliyopewa na chuo. Transkripti iliyoambatishwa, yaani hati ya chuo yenye matokeo ya masomo yote, ilionyesha 3.8. Chuo kilichopokea maombi kilimwandikia kumtaka aeleze kwa nini nyaraka zake mbili hazikubaliani, lakini wakati huo alikuwa kijijini kwao ambako mtandao ni wa kubahatisha, na alipoisoma barua pepe ile siku ya tisa muda wa ufadhili ulikuwa umekwisha. Alisubiri mwaka mzima ndipo akaomba tena.

Watu walimlaumu kwa kutofungua barua pepe. Mimi naona kosa lilianza mapema zaidi, kwenye ile hesabu ya kugawa kwa 5 na kuzidisha kwa 4, ambayo inaonekana ya haki lakini inamuumiza mwenye alama. Katika mfumo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao vyuo vingi nchini vinafanana nao, A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3 na C ina 2. Katika mfumo uliozoeleka Marekani, A ina pointi 4.0, B+ ina 3.3, B ina 3.0 na C ina 2.0. Sasa tumchukue mwanafunzi aliyepata B katika kila somo. Kwetu ana GPA ya 3.0. Akitumia hesabu ya steshenari anajiandikia 2.4, ilhali Mmarekani aliyepata B katika kila somo ana 3.0, na 3.0 hiyo ndiyo kiwango cha chini ambacho shule nyingi za uzamili za huko hukitaja katika masharti yao. Kijana wetu amejitoa mwenyewe kwenye kinyang'anyiro kabla hajasomwa na mtu yeyote. Sisemi kwamba B yetu na B yao lazima zihesabiwe sawa. Hilo ni la wataalamu wa tathmini kuamua, nao hufanya hivyo somo kwa somo wakiwa na transkripti mkononi. Ninachosema ni kwamba uwiano ule, ukiacha kwa mwenye A tupu, hauna mahali ambapo unaweza kutoa jibu sahihi, kwa sababu ngazi za mifumo hii miwili hazikupangwa kwa umbali unaolingana.

Tatizo jingine ni la asilimia. Alama 70 Dar es Salaam ni A, na katika vyuo vya Kenya 70 ndipo daraja la kwanza linapoanzia. Msomaji wa Marekani akiiona 70 peke yake, bila maelezo, ataiona kama C, kwa kuwa kwao A huanzia kwenye 90 na kitu. Hata ndani ya eneo letu hatufanani: katika vyuo vya Kongo ni kawaida kutoa alama kwa 20 au kwa asilimia, na aliyefikisha 70 huandikiwa kwa Kifaransa kwamba amefaulu kwa Distinction, neno ambalo mtu wa Uingereza analielewa kwa kiwango chake yeye. Ndiyo maana ninawasihi vijana waandike alama jinsi chuo chao kilivyoiandika, wataje kiwango cha juu kabisa na kiwango cha chini cha kufaulu, na wataje daraja. Mstari mmoja unatosha: GPA 3.8 kati ya 5.0, kiwango cha chini cha kuhitimu 2.0, daraja la pili la juu. Fomu ikiuliza alama kwa mfumo wa kwao, basi fuata maelekezo ya fomu hiyo hiyo, na kama haina maelekezo, uliza kwa barua pepe ofisi ya udahili. Nimeona wakijibu, tena kwa upole.

Ujerumani ni habari ya pekee, na kwa kuwa vijana wengi sasa wanaielekea kutokana na vyuo vyake vingi vya umma kutotoza ada kubwa, nitakaa hapo kidogo. Huko alama bora ni 1.0 na ya mwisho ya kufaulu ni 4.0, kwa hiyo namba ndogo ndiyo nzuri. Vyuo vingi hubadilisha alama za kigeni kwa kanuni inayoitwa kanuni ya Bavaria iliyoboreshwa: unatoa alama yako kwenye alama ya juu kabisa, unagawa kwa tofauti ya alama ya juu kabisa na ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa 3, kisha unajumlisha 1. Kwa yule binti, 5.0 kutoa 3.8 ni 1.2, ukigawa kwa 3.0 unapata 0.4, ukizidisha kwa 3 unarudi kwenye 1.2, ukijumlisha 1 unapata 2.2. Mwenye jicho la hesabu ataona kwamba kwa mfumo wetu wa 2.0 hadi 5.0 ile 3 ya kugawia na ile ya kuzidishia zinafutana, na inatosha kutoa GPA kwenye 6. Aliyepata 4.4, mwanzo wa daraja la kwanza, anakuwa na 1.6. Aliyepata 3.5, mwanzo wa daraja la pili la juu, anakuwa na 2.5, na hiyo 2.5 ndiyo mpaka unaotajwa katika programu nyingi za uzamili za Ujerumani.

Nimeieleza hesabu hiyo ili kijana ajue mapema kama anafaa kuomba, asije akapoteza fedha za ada ya maombi. Asiiandike kwenye wasifu kama alama yake. Nilikutana na kijana aliyesoma sharti la 2.5 au bora zaidi, akafurahi kwamba GPA yake ya 2.9 imepita, kumbe kwa hesabu hii alikuwa na 3.1 na alikuwa nje ya mpaka. Na nilikutana na mwenzake mwenye 3.8 aliyekata tamaa alipoambiwa kwamba kwa Kijerumani ana 2.2, akadhani ameshushwa hadi daraja la kufaulu tu. Wote wawili walikuwa na akili timamu na shahada halali. Hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza.

Kuhusu krediti, yaani vipimo vya wingi wa kazi ya masomo, nitasema kwa ufupi. Shahada yetu ya miaka mitatu chini ya mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu huhesabiwa krediti zisizopungua 360, kila moja ikiwa ni saa 10 za kujifunza, wakati Ulaya mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60 na shahada ya miaka mitatu ni 180, kila moja ikiwa ni saa 25 hadi 30. Kijana anayesoma kwamba anatakiwa awe na 180 asidhani kwamba ana mara mbili ya kinachotakiwa, wala asizigawe kimyakimya kwenye wasifu. Aandike 360 na aeleze saa.

Sasa wasifu wenyewe. Wengi huchukua ule wa kuombea kazi, wenye picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, na mwishoni mstari wa kwamba anapenda kusoma, kusafiri na kutazama mpira. Vyuo vya Uingereza na Marekani havihitaji hata kimoja katika hivyo, na nafasi hiyo ingefaa kubeba mambo ambayo mhadhiri anayesoma maombi anayatafuta: elimu kwanza, kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho na jina la msimamizi, mafunzo kwa vitendo, yalifanyika wapi na ulifanya nini hasa kwa mikono yako. Kuandika kwamba ulikwenda fildi wiki nane katika halmashauri fulani hakumwambii mtu kitu. Kuandika kwamba ulipima maji ya visima kumi na vinne, ukaingiza takwimu na kuzichambua kwa programu za kompyuta za SPSS au R, kunamwambia kwamba unaweza kuanza kazi kesho. Lugha nazo vijana wanazipuuza. Anaandika Kiingereza na Kiswahili, anaiacha lugha ya nyumbani kwao, Kisukuma au Kihehe, ilhali anaomba programu ya maendeleo vijijini ambako kuzungumza na mkulima bila mkalimani ni sifa ambayo wenzake darasani hawatakuwa nayo.

Wajerumani hupenda wasifu wa jedwali usio na mwanya wa miezi. Hapo vijana wetu hupata shida kwa sababu kati ya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei na kufunguliwa kwa chuo kuna miezi ambayo hawajui waiandikeje, na baadhi yao walikuwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Andika hivyo hivyo kwamba ulikuwa JKT, taja kambi na tarehe. Kama ulikuwa nyumbani ukisaidia dukani au shambani, hilo nalo ni kweli na halina aibu.

Majina yafanane. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na herufi ya kati, cheti cha shahada kina majina matatu, pasi ya kusafiria ina tahajia nyingine. Anayepokea hajui kwamba ni mtu mmoja. Kiapo mbele ya wakili kinachoeleza tofauti hiyo kiandaliwe kabla, si wakati ambapo chuo kimeshauliza. Na yule unayemtaja kuwa mdhamini wako wa kitaaluma umwombe ruhusa, umpe wasifu wako na maelezo ya programu. Nimewahi kupokea maombi ya barua ya mapendekezo kutoka chuo cha ng'ambo kwa mwanafunzi ambaye sikukumbuka sura yake, nikaandika barua dhaifu ambayo hadi leo naisikitikia.

Lakini Ndugu Mhariri, mzigo huu haustahili kubebwa na vijana peke yao. Mashirika ya tathmini kama World Education Services la New York, lililoanza mwaka 1974, huhitaji transkripti itoke moja kwa moja kwa ofisi ya chuo, na vyuo vingi vya ng'ambo hutuma barua pepe ya kuhakiki cheti. Barua pepe hizo zisipojibiwa, anayeadhibiwa ni mhitimu. Nawaomba wasajili wa vyuo vyetu mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Kwanza, kila transkripti ichapwe nyuma yake mfumo kamili wa alama, pamoja na kiwango cha chini cha kufaulu na mipaka ya madaraja, kwa kuwa bado zipo zinazotoka bila maelezo hayo au zikiwa na maelezo ya mfumo uliokwisha kubadilishwa. Pili, ichapwe idadi ya waliohitimu programu hiyo mwaka huo na wangapi kati yao walipata daraja la kwanza, maana daraja la pili la juu katika darasa ambalo hakuna aliyepata la kwanza lina uzito wake, na leo hakuna njia ya mtu wa nje kulijua hilo. Tatu, ateuliwe ofisa mmoja mwenye jina na anwani inayofanya kazi, ambaye kazi yake ya kila siku ni kujibu maombi ya uhakiki.

Tume ya Vyuo Vikuu nayo ingeweza kuweka katika tovuti yake ukurasa mmoja unaoeleza mfumo wa taifa, ili kijana wa Kigoma au Mtwara auambatishe bila kumlipa mtu.

Maombi ya muhula wa Oktoba katika vyuo vingi vya Ujerumani hufungwa tarehe 15 Julai, na ya Marekani mengi hufungwa Desemba na Januari, wakati ambapo ofisi zetu nyingi ziko katika mapumziko ya Krismasi na mwaka mpya. Naomba ofisi za mitihani ziache japo mtu mmoja wa zamu katika wiki hizo mbili.

Mhadhiri mstaafu,
Morogoro