Mama, ile ya dola saba si yetu

Winnipeg, Januari

Shikamoo Mama. Shikamoo na wewe Mjomba, maana najua barua hii haitaanza kusomwa mpaka uje ukae kwenye kiti chako pale barazani. Hamisi, mdogo wangu, hujambo? Wewe ndiye msomaji, basi soma yote, hata pale utakapokutana na jina lako.

Huku wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili ya chini na mimi ndiye ninayejaribiwa nayo. Jana baridi ilifika nyuzi 28 chini ya sifuri. Mama, usiniulize tena kama tumeanika nguo nje.

Nimeona niandike badala ya kutuma sauti, kwa sababu sauti za WhatsApp mkishazisikiliza kila mtu anaondoka na lake. Ndivyo tulivyofika hapa tulipofika.

Juzi Hamisi alinitumia picha ya karatasi. Juu ina bendera yenye jani jekundu, chini mhuri wa bluu na sahihi, katikati jina la Mama, na maneno makubwa kwamba ameruhusiwa kuingia Kanada kwa eTA. Chini ya picha akaandika, "Dada, kazi imekwisha, imebaki tiketi." Nilipompigia ndipo nikasikia kwamba imetoka shilingi 450,000, amepewa bwana mmoja mwenye steshenari pale mjini anayesema ana mtu wake ubalozini. Mama, karatasi ile haifai hata kufungia vitumbua.

Kosa la kwanza ni langu, nalikubali mbele ya Mjomba. Nilimsimulia Hamisi habari za mwenzangu wa kazini, Mjapani. Mama yake alitaka kuja kumtembelea. Bibi yule akajaza fomu ya eTA kwenye simu, akaweka namba ya pasipoti, akalipa dola 7 kwa kadi, na majibu yakamkuta chai haijapoa. Nilikuwa nasimulia kwa wivu tu. Hamisi akasikia "dola saba", akaacha yote mengine niliyosema, akatoka nayo.

Sasa sikilizeni vizuri. Hiyo eTA ni ruhusa ya kusafiri ya kielektroniki. Kanada waliianza mwaka 2016 kwa ajili ya watu ambao nchi zao hazidaiwi viza, wanapokuja kwa ndege. Ni hizo dola 7 za Kanada, hazifiki shilingi 15,000, na inadumu mpaka miaka 5, au mpaka pasipoti iishe muda wake, lolote litakalotangulia. Na haina karatasi. Inafungwa kwenye namba ya pasipoti ndani ya kompyuta zao; siku ya safari mtu wa shirika la ndege akiingiza pasipoti yako anaiona hapo hapo. Kwa hiyo aliyechonga ule mhuri wa bluu hajui hata kitu anachokighushi.

Na sisi Watanzania hatumo. Tangu Juni 2023 waliongeza nchi kadhaa, hata Moroko na majirani zetu wa bahari hii, Shelisheli, nao kwa masharti: mtu awe amewahi kupata viza ya Kanada ndani ya miaka 10 iliyopita, au awe na viza ya Marekani ambayo bado iko hai. Pasipoti yetu haikutajwa. Mwenye pasipoti ya Tanzania anaomba viza, hata awe na fedha kiasi gani, hata awe na mtu wake ubalozini.

Hamisi alinibishia kwamba rafiki yake anayepeleka watalii Nairobi anaijua eTA vizuri sana. Kweli, Kenya nao wanayo, tangu Januari 2024, lakini hiyo ni ya Kenya, na sisi Watanzania hatuidaiwi. Jina moja, milango miwili. Mjomba yeye amezoea kuvuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala, anasalimia Msumbiji na kurudi bila viza, kwa hiyo haya yote anayaona ni majivuno ya Wazungu. Mjomba, sibishani nawe. Nasema tu ndivyo mlango ulivyo.

Kabla ya jingine lolote: pasipoti ya Mama iko wapi? Maana Hamisi aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba yule bwana amebaki nayo "ya kumalizia". Hamisi, hapo ndipo nilipokosa usingizi, fedha nimekwisha kuzisahau. Pasipoti ni mali ya serikali, haiwekwi rehani dukani kwa mtu. Nenda kaichukue. Usigombane, usidai hela yako siku hiyo, chukua pasipoti kwanza. Akikuzungusha, nenda polisi, na taarifa ifike Uhamiaji mkoani.

Mnakumbuka ilivyopatikana. Kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeandika Fatuma, kile kiapo cha kuzaliwa kimeandika Fatma, na kwa herufi hiyo moja Mama alipanda na kushuka wiki tatu. Shilingi 150,000 za pasipoti, nauli na vyeti mbali. Na mnakumbuka siku ya alama za vidole, mashine ya NIDA ilivyokataa, yule kijana akamwambia, "Mama, vidole vyako havina michoro." Itakuwaje iwepo, miaka yote ile ya kubangua korosho kwa mkono, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi mpaka inang'oka?

Nayasema haya ya vidole kwa sababu yatarudi. Viza ya matembezi inaombwa kwa intaneti na nitaijaza mimi mwenyewe huku, usiku mtoto akilala. Ada ni dola 100 za Kanada, na dola 85 za alama za vidole na picha. Jumla kama laki tatu na nusu za kwetu. Yaani yule bwana kachukua zaidi ya wanachochukua wenye nchi. Nikishalipa, wanatuma barua ya kumwita Mama akatoe alama za vidole kwenye kituo cha maombi ya viza Dar es Salaam, na anapewa siku 30. Bibi yetu angekuwa hai angecheka, maana aliyepita miaka 79 hadaiwi vidole. Mama bado ni msichana.

Kwa hiyo Mama, kuanzia leo acha kubangua. Nakuomba. Hata zile za kula nyumbani wape watoto wa Hamisi, au nunua zilizobanguliwa kiwandani. Paka mafuta mikono kila usiku. Ngozi ikipona kidogo mashine itasoma, na kituoni waambie mapema tatizo lako, usikae kimya ukaona aibu.

Siku 30 zinaonekana nyingi, lakini mnaijua barabara yetu. Kutoka Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550, na hatujasahau Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, njia ilivyokatika kule Kilwa watu wakalala kwenye mabasi. Barua ikitoka Machi au Aprili mvua ziko juu. Tukishapata siku ya miadi, Mama aondoke siku nne kabla, akae kwa dada Mbagala. Njia ikifunga, nitamkatia ndege ya Mtwara kwenda Dar, nitajua mwenyewe nilipie nini.

Sasa hili la benki, na Mjomba hapa nisikilize kwa masikio yote mawili. Nimeambiwa una mpango wa kukopa milioni tano kwenye VICOBA, kile kikundi chenu cha kuweka na kukopeshana, ziingizwe akaunti ya Mama, zipigwe picha, kisha zirudi. Usifanye. Afisa anayesoma taarifa ya benki anaona miezi sita mfululizo, haangalii mwisho tu. Akiona akaunti ilikuwa tupu na jana zimemwagika milioni tano, anajua ni za kuazima. Na ukidanganya kwenye maombi ukagunduliwa, unafungiwa miaka 5 usiombe kitu chochote. Miaka 5, mjukuu atakuwa anakwenda shule.

Tatizo ni kwamba hata fedha halali za mkulima wa korosho zinaonekana hivyo hivyo. Afisa aliyekaa ofisini hajui mnada wa korosho ni kitu gani. Anaona Fatuma, hakuna kitu, hakuna kitu, halafu Novemba zinaingia milioni tatu kwa mkupuo mmoja. Zinafanana kabisa na mkopo wa Mjomba. Kwa hiyo tutamweleza. Nataka Hamisi atafute risiti zote za chama cha msingi cha ushirika, za kilo alizopeleka Mama ghalani, za msimu huu na za ule wa 2024/25 ambao bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo na nyinyi mkabadilisha bati. Ziko kwenye lile sanduku la chini ya kitanda, kwenye mfuko wa sukari. Mwombeni na katibu wa chama aandike barua fupi kwamba Mama ni mwanachama, ana mikorosho yake, na hulipwa mara moja kwa msimu kupitia benki. Mimi nitaandika maelezo kwa Kiingereza na kuonyesha risiti ipi inalingana na fedha ipi. Hapo mkupuo haumtishi mtu tena, unakuwa ushahidi wetu.

Tena risiti hizo zinafanya kazi ya pili. Jambo wanalolitazama sana ni kama mgeni atarudi kwao. Mama ana mikorosho, ana nyumba, ana wajukuu wengine wanne wanaomlilia, na Oktoba lazima awe shambani kuokota, la sivyo msimu unapotea. Kuna sababu gani ya kurudi iliyo kubwa kuliko hiyo? Kwa hiyo tutaomba aje Juni, aondoke mwishoni mwa Agosti. Gharama za huku nabeba mimi. Barua ya mwaliko nimekwisha kuiandika, na nyaraka zangu za mshahara na za ukaaji nitaambatanisha. Ile karatasi ya mhuri wa bluu isiambatanishwe popote. Ihifadhiwe kwa ajili ya polisi.

Mama uliuliza kama huwezi kuja ukakaa mwaka mzima. Ipo viza maalumu ya wazazi, mtu anaweza kukaa hata miaka 5 kwa safari moja, lakini inataka bima ya matibabu ya dola 100,000, kipimo cha daktari wao, na mimi niwe na kipato cha kiwango walichoweka. Kwa kazi yangu ya sasa ya nyumba ya wazee, sijafika. Mgeni wa kawaida kwa kawaida anapewa mpaka miezi 6, na miezi hiyo inatutosha. Tena sidhani ungevumilia Januari ya huku. Ungenilaani.

Tiketi isikatwe mpaka viza iwe imebandikwa kwenye pasipoti. Hamisi, narudia: isikatwe. Na atakayekuja na tiketi ya bei nafuu inayopitia Marekani mwambie hapana, maana hata kubadilisha ndege tu kule kunadai viza yao. Nafikiria ya kupitia Addis Ababa mpaka Toronto, na hapo nitakuja kumpokea mwenyewe, asihangaike na ndege ya pili peke yake.

Uwanjani, Mama, viza pekee haimalizi maneno. Yuko afisa wa mpakani atakayekuuliza umekuja kufanya nini, kwa nani, siku ngapi. Utasema ulivyo: nimekuja kumwona mjukuu, kwa mwanangu, naondoka Agosti. Nitakuandikia kwa Kiingereza kwenye karatasi pamoja na namba yangu ya simu, uishike mkononi, usiifungie kwenye sanduku. Ukiulizwa kama umebeba chakula, sema ndiyo. Nakujua, hutasafiri mikono mitupu. Kila kinacholiwa unakitaja, wao ndio waseme kipite au kibaki. Korosho zilizokaangwa lete, za kiwandani zenye lebo. Ming'oko usilete, ingawa kuandika neno hili tu mate yananitoka. Mizizi mibichi yenye udongo wa Mtwara hawataielewa.

Hamisi, usinune. Hela ile tutaizungumza mimi na wewe, na hutaidaiwa na mtu. Hata mimi mwaka wangu wa kwanza huku nililipia mtu fomu ambayo ilikuwa ya bure.

Leo ukimaliza kusoma vaa viatu uende steshenari kabla hajafunga. Mchukue na Mjomba, akae tu pembeni na fimbo yake, asiseme neno. Mkishaishika pasipoti nipigieni saa tatu usiku ya kwenu, huku itakuwa saa sita mchana, muda wangu wa chakula. Mfungulie Mama kamera, mtoto nitakuwa nimemwacha kwa baba yake, lakini nina video mpya ya yale meno.

Mwanao akupendaye,
Mama Tuma