Karatasi ya mezani haina safu ya urefu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, maana jambo hili limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Mwandishi wenu wa michezo ameandika kuhusu NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na hekaheka za drafti ya kila Juni, pale timu zilizofanya vibaya zinapopewa nafasi za mbele za kuchagua vijana kutoka vyuoni. Ushauri wake ni mfupi: ukipata nafasi ya juu, chukua mrefu kuliko wote, kwa sababu urefu haufundishwi, mengine atajifunza mbele ya safari. Halafu aya ya mwisho akamtaja Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet kama mtu aliyekabidhiwa bahati akaichezea.

Hapo tumeachana. Memphis Grizzlies, timu ya NBA, mwaka 2009 walifanya vilevile anavyoshauri: walichukua mrefu kuliko wote, ndiye Hasheem. Mambo yalipokwenda kombo, lawama akabebeshwa kijana aliyechaguliwa, na waliomchagua wakasahaulika. Haiwezekani ushauri uwe mzuri na matokeo yake yawe kosa la mtoto wa watu.

Mimi ni mwamuzi wa meza. Mwaka wa 22 huu najaza karatasi za mchezo kwenye viwanja vya kikapu vya Dar es Salaam: nani kafunga, nani kafanya madhambi, robo ya ngapi. Nilikuwa pia mwalimu wa michezo wa sekondari huku Temeke mpaka nilipostaafu. Karatasi ile ina safu ya jina, ya namba ya jezi, ya madhambi na ya pointi. Haina safu ya urefu. Nimeketi nayo mapajani jioni nyingi sana, na ndiyo iliyonipa msimamo nilio nao.

Usiku ule wa Juni 25, 2009 naukumbuka vizuri. Tulikuwa sita sebuleni kwa jirani, tunafuatilia kwa laptop ya mwanawe na modemu iliyokuwa inakatika kila baada ya dakika chache. Habari ya kwanza kutufikia ilikuwa kifo cha Michael Jackson, watu wakanyamaza kabisa, mama mwenye nyumba akatoka chumbani na khanga begani kuuliza kama ni kweli. Baadaye, ikiwa imeshapita saa nane usiku kwa saa zetu, drafti ikaanza kule New York. Wa kwanza, Blake Griffin wa chuo cha Oklahoma, kaenda Los Angeles Clippers. Wa pili, Memphis Grizzlies: Hasheem Thabeet, chuo cha Connecticut, mzaliwa wa Dar es Salaam. Yule kijana aliyesoma Makongo, aliyeanza kugusa mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, sasa ni wa pili kuchaguliwa katika drafti nzima. Tulipiga kelele mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitika. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Kwa hiyo ninayoyasema hapa hayapunguzi hata chembe ya fahari ile. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA ni yeye, na jambo hilo halifutiki.

Turudi kwa Memphis. Walijua nini Juni ile? Walijua msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 (mipira iliyokosa goli akaidaka) na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa mechi. Walijua ametajwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo, miaka miwili mfululizo, na timu yake ilifika nne bora za taifa zima. Yote hayo ni kweli na si madogo.

Lakini walikuwa pia na mechi ya Februari 16, 2009. Connecticut walikuwa namba moja kwa vyuo vya Marekani siku hiyo, wakawakaribisha chuo cha Pittsburgh mjini Hartford. Hasheem alikuwa anatimiza miaka 22. Mbele yake akasimama DeJuan Blair, mwenye mita 2.01 hivi kwa mita 2.21 za Hasheem, tofauti ya sentimita 20. Kuna tukio moja ambalo nimelitazama mara nyingi sana: wanagombea ribaundi, mkono wa Hasheem unanaswa kwenye mkono wa Blair, Blair anainama, na mtu wa mita 2.21 anapita juu ya bega lake na kuangukia mgongo. Watu wengi hulicheka tukio hilo. Mimi hutazama miguu. Ya Blair imeachana, magoti yamekunjwa, nyonga iko chini. Ya Hasheem imenyooka na imekaribiana, kama ya mtu anayengoja daladala. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68.

Miguu ile haikuwa ya kijana mvivu. Ilikuwa ya kijana ambaye hakuwahi kulazimika kuikunja. Tangu siku ya kwanza uwanjani, alikuwa akinyoosha mkono tu mpira unafika. Kila aliyekutana naye alikuwa mfupi, na kila kocha alitosheka na hilo. Miaka saba ni michache kwa mtu kuujua mpira, na miaka hiyo yote urefu wake ndio uliomfanyia kazi ambayo magoti yangepaswa kuifanya. Kule alikokuwa anakwenda, urefu ule usingemfanyia tena.

Sababu ya Memphis kumtaka ndiyo hasa ninayoipinga. Walikuwa na Mike Conley wa kuongoza mpira, O.J. Mayo na Rudy Gay wa kufunga kutoka pembeni. Wakaona pengo liko chini ya goli, wakatafuta wa kuliziba. Hata pengo lenyewe nalitilia shaka, kwa sababu Marc Gasol alikuwa kwao tayari, ametoka kumaliza msimu wake wa kwanza na wastani wa pointi 11.9 na ribaundi 7.4. Mwaka 2013 Gasol huyo akawa mlinzi bora wa NBA nzima. Mtu wa kuziba pengo alikuwa ndani ya nyumba, anaoga kwenye bafu lao.

Clippers walifanyaje? Nafasi aliyokuwa akicheza Griffin walikuwa nayo imejaa, alikuwepo Zach Randolph, mfungaji wa kutegemewa. Wangefikiri kama Memphis wangemwacha Griffin. Wakamchukua kwa sababu alikuwa bora kuliko wote, kisha mwezi uliofuata wakamuuza Randolph. Kwa nani? Kwa Memphis. Na ni Randolph na Gasol walioibeba Memphis mwaka 2011, ilipoingia mtoano ikiwa ya nane kanda ya Magharibi ikaitoa San Antonio iliyokuwa ya kwanza. Hasheem hakuwepo. Miezi miwili kabla alishapelekwa Houston katika mabadilishano yaliyomrudisha Shane Battier Memphis, na Battier ndiye aliyefunga mtupo wa pointi tatu ulioamua mechi ya kwanza. Watu wa Memphis walishangilia, na wana haki. Lakini ukifuatilia njia waliyopita mpaka kufika pale, utaona kuwa nafasi ya pili ya 2009 waliitumia kuziba tundu ambalo lilizibwa na watu wengine.

Mtaniuliza, ungekuwa wewe? Ningemchukua James Harden wa Arizona State, aliyekwenda wa tatu kwa Oklahoma City. Siongei kwa kuwa leo najua alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Juni ile ile namba zake zilikuwa mezani: pointi 20.1, ribaundi 5.6, asisti (pasi za kufungia) 4.2. Mtu anayekupa vitu vitatu tofauti ameshajua kuusoma mchezo, na hilo linakwenda naye popote. Memphis walikuwa na Mayo, nafasi ile ile, ndiyo. Mayo aliondoka Memphis 2012. Stephen Curry aliyechukuliwa wa saba sitamweka kwenye hoja yangu, kwa sababu sikumwona kuwa mkubwa kiasi kile, na wachache sana walimwona.

Mwandishi wenu anaweza kunijibu kwa jina la Hakeem Olajuwon, na ni jibu zuri. Naye ni Mwafrika, kutoka Lagos, naye alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Houston wakamchukua wa kwanza mwaka 1984, mbele ya Michael Jordan, na hawakujuta: walitwaa ubingwa 1994 na 1995. Lakini kabla ya kikapu Olajuwon alikuwa golikipa wa mpira wa miguu na mchezaji wa mpira wa mikono. Miguu yake ilikuwa imeshajifunza kugeuka, mikono imeshajifunza kudaka. Halafu akiwa chuoni Houston, likizo za kiangazi alikuwa anacheza na Moses Malone, mtu mzima, bingwa, asiyemhurumia mtu chini ya goli. Houston walichukua mrefu, ndiyo, lakini walichukua mrefu ambaye ameshasukumwa na mwenye nguvu kuliko yeye na akajifunza kusukuma. Na drafti hiyo hiyo, nafasi ya pili, Portland walimchukua Sam Bowie, mrefu aliyepoteza misimu miwili chuoni kwa kuvunjika mguu, kwa kuwa upande wa Jordan walikuwa na Clyde Drexler. Jordan akaenda wa tatu, Chicago. Ni hesabu ya pengo tena, miaka 25 kabla ya Memphis.

Halafu kuna kinachotokea baada ya kuchaguliwa, ambacho mwandishi wenu hakukigusa kabisa. Msimu wake wa kwanza Hasheem alipewa dakika 13 hivi kwa mechi, nyuma ya Gasol. Februari 2010 akapelekwa timu ya ligi ya chini, Dakota Wizards, kwenye baridi ya Bismarck. Kabla yake hakuwahi kupelekwa huko mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu kiasi kile. Ukichukua mtu ambaye unajua hajaiva, dakika za kuivia utoe wewe. Pamoja na yote hayo alicheza NBA mpaka 2014, mechi zaidi ya 200, kisha akaenda kucheza Japani na Taiwan. Mtu aliyechezea bahati hafiki huko.

Nina sababu nyingine ya kuandika, na hii ni yangu. Mwaka mmoja niliteua timu ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na ikabaki nafasi moja. Walikuwepo watoto wawili. Mmoja kidato cha pili, mrefu kuliko walimu wote shuleni, viatu vyake tulivitafuta Kariakoo siku mbili. Wa pili alikuwa mfupi, mwembamba, anadunda kwa mkono wa kushoto huku anazungumza na wewe, haangalii mpira. Nikamchukua mrefu. Nilijiambia kwamba wateuzi wa mkoa watampenda. Mazoezini nilimsimamisha chini ya goli mikono juu, na akidunda mpira nilikuwa napuliza filimbi: pasi, pasi, mpe mwenye kazi yake. Kwenye mashindano alimaliza madhambi matano kabla ya mapumziko. Akaenda benchi akajifunika taulo usoni, hakulitoa mpaka tunapanda basi. Yule mfupi akahamia mpira wa miguu, sikumwona tena uwanjani kwetu.

Mrefu nimekutana naye mwaka jana Mbagala, ni fundi wa magari, ana watoto. Tukanywa chai. Nikamwomba radhi kwa ile filimbi. Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Mwalimu, mimi nilikuwa naogopa mpira. Ukinijia nilikuwa nafumba macho." Misimu miwili nilimfundisha na sikuwahi kuyaona macho yale. Nilikuwa natazama juu, kwenye vidole vyake na ringi.

Ndiyo maana siwezi kuiacha makala yenu ipite. Wiki hii nimefika uwanjani mapema kupanga meza, nikaikuta imekatwa vizuri kwa mkasi na kubandikwa kwenye mlango wa stoo ya mipira. Kocha aliyeibandika ni kijana mwema anayejitolea bila malipo. Mwezi huu amempata mtoto wa miaka 13 mwenye mita 1.90, na nilipotazama, mtoto huyo alikuwa chini ya goli, mikono juu, peke yake, wenzake wakifanya zoezi la kudunda upande wa pili.

Naomba mwandishi wenu aje Jumapili. Mezani pana kiti cha ziada, nitampa penseli na karatasi, ahesabu mwenyewe mtoto yule amegusa mpira mara ngapi kwa robo nne. Na naomba barua hii muitoe, hata mkiifupisha. Nitanunua nakala, niikate, nikaibandike mlangoni pale pembeni ya ile yenu.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam