Kliniki ya presha imuulize mzee na kumbukumbu yake

Ndugu Mhariri,

Barabara za Ngamiani hapa Tanga zina namba. Hata mgeni, akijua kuhesabu, hapotei. Mama yangu anaishi Barabara ya 14 tangu alipoolewa. Siku alipokutwa Barabara ya 9 na kikapu chake cha samaki, akiwauliza watoto kwake ni wapi, ndipo nilipokubali kuwa kule kurudia swali moja mara nne hakukuwa uzee. Zahanati niliyompeleka mwanzo waliniambia ni uzee, nimwache apumzike. Majirani wakasema amechezewa. Ilipita karibu miaka miwili kabla ya kupata daktari wa kututajia ugonjwa wa Alzheimer.

Nina miaka 54, na kila habari ya dawa mpya naisoma mara mbili. Habari zenyewe si za uongo. Marekani iliidhinisha kikamilifu lekanemabu Julai 2023, na donanemabu Julai 2024. Huondoa protini ya amiloidi inayorundikana ubongoni, na katika jaribio la lekanemabu la miezi 18, hali ya waliopewa ilizorota kwa kasi ndogo kwa asilimia 27 kuliko ya wasiopewa. Hiyo ni kupunguza mwendo, si kuponya, tena kwa walio mwanzoni tu mwa ugonjwa. Lekanemabu kwa kawaida huanza kwa dripu ya kila wiki mbili, na mgonjwa hupigwa picha za ubongo za MRI mara kadhaa, maana ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Aliyerithi kwa baba na kwa mama jeni ya APOE4, inayoongeza hatari ya Alzheimer, yule hasa mwenye kuogopa ugonjwa huu, ndiye madhara hayo humwandama zaidi. Yapo pia majaribio ya kuwapa dawa hizi watu wenye amiloidi ambao hawajaanza kusahau. Hayo ndiyo nayaombea dua.

Ila naona sisi wa rika langu tunakaa kuingoja dawa kama tunavyongoja meli. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya demensia duniani, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ambako Alzheimer ndiyo chanzo chake kikuu, ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14. Presha imo, sukari imo, sigara imo, na mawili ambayo sikuwahi kuyafikiria: masikio na macho. Mama alianza kutosikia vizuri miaka mingi kabla. Tukazoea kupaza sauti, baadaye tukachoka, tukawa hatumsemeshi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ombi langu ni hili. Wazee wanakwenda kliniki za presha na sukari mkoani mwetu, wanapimwa, wanapewa vidonge, wanarudi nyumbani. Kumbukumbu haiulizwi. Ilhali kipimo tunacho, kilitengenezwa hapahapa nchini, wilayani Hai, kinaitwa IDEA, na hakimtaki mzee ajue kusoma: anataja wanyama, anakumbuka maneno aliyotajiwa, anapanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Hukohuko Hai, utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta zaidi ya watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana demensia. Waganga wakuu wa wilaya zetu wawafundishe wauguzi kipimo hicho, na masikio yapimwe siku hiyohiyo. Mwezi ujao nakwenda kuchukua dawa zangu za presha, na nitaomba nipimwe.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga