Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kikundi cha Wanaoishi na Saratani ya Ovari

Ndugu wanachama,

Mikutano ilifanyika, wagonjwa walitembelewa wodini, hesabu zimekaguliwa. Hayo mnayajua.

Niende kwenye linalosemwa pembeni, kwamba mwenyekiti alizuia kwa ubabe fedha za mfuko zisinunue vidonge vya kurkumini, ile inayotoka kwenye manjano. Kamati ilipiga kura 4 kwa 4, nami nikapiga kura ya uamuzi kama katiba inavyoniruhusu. Ubabe uko wapi?

Sikusema mimea haina dawa. Paklitakseli, dawa ya saratani ambayo wengi wetu tumetundikiwa (na iliyoniachia ganzi ya vidole, hadi leo vifungo vya blauzi nafungiwa na binti yangu), ilitoka kwenye gome la mti wa msituni Marekani. Gome lilichukuliwa mwaka 1962. Kibali cha kutibu saratani ya ovari kilitolewa 1992. Miaka 30! Sisi tulitaka kuamua kabla ya chai.

Waliotetea vidonge walisema kurkumini hupunguza mwendo wa seli za saratani. Ni kweli, maabara. Saratani yetu husambaa kwa kubanduka: seli hutoka kwenye ovari, huelea katika majimaji ya tumboni, kisha hunata kwenye utando na kwenye mafuta yanayofunika utumbo. Kitakachozizuia zisinate nitakipokea kwa mikono miwili. Lakini maabara seli huloweshwa ndani ya kurkumini yenyewe. Ukimeza, kurkumini inayofika kwenye damu ni kidogo mno, na ini huivunja upesi. Tena vidonge hivyo vimewahi kuwaumiza ini baadhi ya watumiaji. Mmoja wetu angeumia, angeulizwa nani?

Mjumbe mmoja alitoka kwa hasira na kikombe mkononi. Hajarudi, wala kikombe.

Ada: wanachama 62, waliolipa 21, waliohudhuria mkutano wa mwisho 11 pamoja na kamati. Ajabu, siku ya vidonge viti havikutosha, na waliopaza sauti zaidi daftari la ada haliwajui. Nauli za kliniki nimezitoa mfukoni mwangu mara 3. Sisemi ili nisifiwe.

Mwakani, Mungu akijalia, tutamwalika daktari atueleze habari za majaribio ya dawa kwa wagonjwa. Tarehe mtatangaziwa.

Mwenyekiti