Risala ya Klabu ya Fasihi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Vitabu Shuleni

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Elimu Sekondari wa Wilaya yetu,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wajumbe wa Bodi ya Shule, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wote wa Klabu ya Fasihi, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kuja kwako kusikiliza wanafunzi wakizungumzia riwaya ni heshima kubwa kwetu.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwaka huu klabu iliamua kutosoma kwa ajili ya mtihani peke yake. Maswali ya mtihani tunayajua: taja dhamira, fafanua wahusika, jadili kufaulu kwa mwandishi kifani na kimaudhui. Ni maswali mazuri na tunayajibu. Lakini anaweza kuyajibu vizuri hata mtu ambaye kitabu hakijamgusa. Tukaongeza swali letu: ningekuwa mimi ndiye huyu mhusika, ningeogopa nini, na ningemkimbilia nani?

Tulianza na Takadini ya Ben Hanson. Sekai amesubiri mtoto kwa miaka mingi huku akisemwa. Anapojifungua, mtoto, Takadini, ana ualbino, na mila ya kijiji inataka mtoto huyo asiishi. Sekai anatoroka naye. Gazeti lingetupa habari hiyo kwa mistari michache, tukafungua ukurasa wa michezo. Riwaya haituruhusu kupita haraka hivyo. Tunatembea na mama yule katika safari yake, tunajua anachokihofia kabla wazee hawajafungua vinywa vyao, na tunapofika naye kwa mzee Chivero, anayempokea, tunashusha pumzi pamoja naye.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Sisi ni watoto wa Kanda ya Ziwa. Miaka ya 2007 na 2008, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa yetu kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Watoto wengi walipelekwa katika shule kama Buhangija, Shinyanga, na Mitindo, Misungwi, ili wawe salama. Katika mjadala wetu mwanachama mmoja aliuliza: Sekai alikimbia na mwanawe mgongoni, je, mama aliyemwacha mwanawe katika shule ile akarudi nyumbani peke yake, alilalaje usiku huo? Swali hilo lilitupeleka kwa wazazi wetu. Walitusimulia habari za mtoto wa jirani ambaye hakutumwa dukani jioni, na milango iliyofungwa mapema kabla jua halijazama. Mambo hayo hatukuwahi kuyauliza, nao hawakuwahi kuyasema.

Kisha kitabu kikatufikia darasani kwetu. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu ana ualbino. Ametupa ruhusa ya kueleza haya, na risala hii ameisoma kabla yenu. Siku hiyo watu walikuwa wakimsikitikia Takadini kwa maneno mazito. Yeye akanyoosha mkono, akasema: "Takadini mnamlilia. Mimi nikikaa meza ya tatu, hesabu za ubaoni naona vumbi la chaki tu."

Akatueleza kwamba watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na kwamba miwani humsaidia lakini haimalizi tatizo. Mwanga wa dirishani ukipiga ubao, haoni kitu. Akiinamia daftari la jirani ili anakili, jirani hulifunika akidhani anaibiwa majibu. Na akatueleza asichokitaka: kutajwa mstarini kwa sauti ya huruma, wala kupitishwa mbele kwenye foleni ya uji kana kwamba hawezi kusimama.

Kuanzia wiki ile anakaa meza ya mbele, upande usio na dirisha. Anayeandika ubaoni, awe mwalimu au kiranja, husoma kwa sauti kila anachokiandika. Wenzake wawili humwandikia muhtasari kwa kalamu nene. Wakati wa paredi darasa lake zima husimama kwenye kivuli cha mwarobaini, na Mkuu wa Shule amemruhusu kuvaa kofia pana na shati la mikono mirefu. Hakuna kati ya hayo lililohitaji bajeti. Yalihitaji mtu kuulizwa, na wengine kukubali kuhama viti vyao. Machozi tunayomwaga kwa ajili ya mhusika hayatugharimu chochote, na ndiyo maana klabu yetu haiyahesabu kuwa mafanikio.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mtihani mgumu zaidi tuliupata kwa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha mkoa wetu huuhuu. Riwaya yake ya Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, na mwanzoni ilizuiwa shuleni. Humo yumo Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Kumwelewa Rosa hakukutusumbua. Lakini Zakaria je? Wasichana wengi walisema anayejitahidi kumwelewa anamtetea. Wengine wakasema baba wa aina hiyo yupo mitaani kwetu, na asiyejua hofu inayomshikisha fimbo hataweza kumzuia. Tulibishana hadi kengele ya chakula, na hatukuafikiana. Sisi viongozi wa klabu tunausema msimamo wetu wazi: aliyeumizwa asikilizwe kwanza, na kumwelewa aliyeumiza kusiwe njia ya kumfutia kosa.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tunawaheshimu, na ni kweli hakuna riwaya itakayotufanya tujue kila anachokipitia mwenzetu. Lakini imetufanya tuone aibu ya kutokuuliza.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Tunayo maombi. Kwanza, vitabu. Nakala moja ya Takadini husomwa na wanafunzi sita, na baadhi ya nakala hazina tena kurasa za mwisho, hivyo wapo wanachama waliohadithiwa tu mwisho wake. Pili, Baraza la Mitihani la Tanzania huwakuzia maandishi watahiniwa wenye uoni hafifu, lakini mitihani yetu ya muhula hutoka kwa maandishi yaleyale madogo kwa wote. Tunaomba ofisi yako itoe maelekezo kwa shule zote za wilaya kuhusu jambo hilo, pamoja na karatasi za kulitekeleza. Tatu, mafuta ya kujikinga na jua yanatengenezwa hapa nchini, Moshi, katika Hospitali ya KCMC. Tunaomba utusaidie kuunganishwa na hospitali ya wilaya ili mwenzetu, na wengine walioko shule za jirani, wayapate bila kukatika. Nne, mapazia ya madirisha mawili ya Kidato cha Tatu. Vipimo tumeshachukua na tumevibandika nyuma ya nakala ya risala tunayokukabidhi.

Tunaomba kuwasilisha.

Viongozi wa Klabu ya Fasihi