Darubini ya bunduki: ya ukuzaji mmoja au ya kubadilisha?

Mteja akishika darubini ya bunduki, swali lake la kwanza huwa, "Hii inavuta mara ngapi?" Tukijibu 4, anairudisha. Tukijibu 24, anaanza kuuliza bei. Tungependa aulize kwanza atafyatulia umbali gani na saa ngapi za siku, maana hapo ndipo uamuzi ulipo.

Iliyoandikwa 6x42 huvuta mara 6 basi, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42. Iliyoandikwa 3-9x40 ina pete karibu na jicho ambayo unaizungusha kutoka 3 hadi 9.

Fanya jaribio hili darubini ikiwa bado haijafungwa kwenye bunduki. Nyoosha mkono, ielekeze kwenye ukuta wenye mwanga (kamwe si kwenye jua), kisha tazama kioo cha nyuma. Utaona kiduara cheupe. Zungusha pete kutoka 3 kwenda 9 na kiduara kitasinyaa mbele ya macho yako. Huo ndio mwanga unaolifikia jicho. Upana wake ni lenzi ya mbele ugawanye kwa ukuzaji: 40 kwa 9 ni milimita 4.4, ilhali 42 kwa 6 ni milimita 7. Mboni ya kijana gizani hupanuka kufikia karibu milimita 7, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo jua likizama, wakati ambao wanyama wengi ndio wanatoka, darubini iliyoachwa kwenye 9 inakupa picha yenye giza. Ishushe hadi 5 na picha inang'aa tena. Ya 6x42 haikudai ukumbuke lolote.

Kusahau pete ndiko kunakowaponza wengi. Mnyama anachomoza kichakani hatua 20 mbele yako, pete iko kwenye 9, unaweka jicho na kuona manyoya matupu. Bega hulijui liko wapi. Tembea nayo ikiwa kwenye 3. Mnyama wa mbali kwa kawaida hukupa muda wa kuzungusha pete, wa karibu hakupi.

Ukuzaji mkubwa pia hukuza usichokitaka. Mchana wa joto, ukivuta mara 20, mazigazi hufanya shabaha ionekane kama inaogelea, na kila mtetemo wa mkono unaonekana.

Kuna na suala la msalaba, yaani mistari ya kulengea unayoiona ndani ya darubini. Katika darubini nyingi za kuwindia zenye pete, msalaba hubaki na ukubwa uleule, na zile alama ndogo za kufidia umbali huwa sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Katika nyingine msalaba hukua pamoja na picha, alama zinakuwa sahihi wakati wote, ila ukishusha pete huwa nyembamba kama unywele. Uliza kabla ya kununua.

Kwa anayewinda msituni, umbali mfupi, tunashauri ya mara 4 isiyobadilika. Ni nyepesi, ina lenzi chache, na kwa fedha ileile mara nyingi unapata kioo bora zaidi. Anayewinda leo msituni na kesho uwandani, 3-9x40 inamtosha kabisa. Ukuzaji wa 15 kwenda juu tunawaachia wanaolenga karatasi za mbali wakiwa wamelala chini.

Ukichagua yenye pete, pima nafasi ya jicho (umbali kati ya jicho na kioo cha nyuma unaokupa picha kamili) ikiwa kwenye ukuzaji wa juu kabisa, ndipo ukaze vifungo, bunduki ikiwa haina risasi. Na usiitumie kukagua kitu usichokitambua, kwa sababu unapoielekeza, mtutu nao umeelekea hukohuko. Kazi hiyo ni ya darubini ya mkononi.

Ukituandikia kuomba ushauri, tutajie aina ya bunduki, umbali unaofyatulia mara nyingi, na kama huwa unabaki porini hadi giza linapoingia.